Neno "Bürgerlich": Raia, Mwenye Mali na Mdai

Utangulizi

Mkazi wa Songwa akimkopesha jirani yake magunia mawili ya mtama, na jirani asiyalipe baada ya mavuno, hakuna mtu atakayefungwa jela kwa sababu hiyo. Mjane akigombana na shemeji zake juu ya nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe, hapo pia hatafutwi mwizi wala muuaji. Na mkulima ambaye shamba lake limeharibiwa na shughuli za mgodi, jambo la kwanza analolitaka si mtu aadhibiwe, bali alipwe thamani ya kile alichokipoteza. Mambo haya matatu yana sifa moja: mtu mmoja anasema "hiki ni changu" au "hiki nastahili", na mwingine anakataa. Katika elimu ya sheria huitwa mambo ya madai, nayo hutofautishwa na mambo ya jinai, ambamo dola lenyewe humshtaki mtu na kumwadhibu.

Songwa iko wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Nchi hiyo ya Wasukuma ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1916, nao Wajerumani huiita sheria ya madai kwa neno linalostahili kuchunguzwa: "bürgerlich", ambalo hutamkwa takriban "biugalihi". Neno hilo moja hubeba maana ya uraia, maana ya tabaka la watu wenye mali, na maana ya sheria ihusuyo mtu na mtu. Makala hii inakusudia kueleza jinsi maana hizo zilivyokutana katika neno moja, jinsi zilivyofika katika Afrika ya Mashariki, na kwa nini mkazi wa Songwa ana sababu ya kuzijua.

Ngome ya Ulaya na boma la Afrika

Shina la neno hili ni "Burg", maana yake ngome. Miji kadhaa ya Ujerumani imeuhifadhi mwisho huo katika majina yake, kama vile Hamburg, Magdeburg na Freiburg. Mtu aliyeishi katika hifadhi ya ngome, au katika mji uliozungushiwa kuta, aliitwa "Bürger". Katika karne za kati za Ulaya wakulima wengi hawakuwa huru. Walifungamana na ardhi ya bwana wao, nao hawakuruhusiwa kuihama. Lakini ilikuwa desturi katika miji mingi ya Kijerumani kwamba mkulima aliyemtoroka bwana wake akaishi mjini mwaka mmoja na siku moja pasipo bwana huyo kuja kumdai, alihesabiwa kuwa huru.

Hata hivyo, si kila mkaaji wa mji alikuwa "Bürger". Vibarua, watumishi wa nyumbani na maskini waliishi humo bila hadhi hiyo. "Bürger" alikuwa mtu mwenye nyumba, karakana au biashara. Haki yake aliirithi au aliilipia ada. Yeye ndiye aliyeshiriki katika baraza la mji, na kesi zake zilisikilizwa na mahakimu wa mji wake. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja lilimtaja mtu huru mwenye haki. Upande wa pili lilimtaja mtu mwenye mali, kwa kuwa aghalabu haki hizo zilimfikia mwenye mali tu. Wafaransa nao, kutokana na shina hilohilo la Kijerumani, walipata neno lao "bourgeois".

Kiswahili kina neno linalofanana na "Burg" kwa maana, nalo ni boma. Boma ni uzio wa mifugo, ni ukuta wa kujihami, na tangu enzi ya Wajerumani limekuwa jina la makao ya serikali katika wilaya. Maboma ya Tabora na Mwanza yalijulikana kote Usukuma. Lakini kati ya ngome ile na boma hili palikuwa na tofauti kubwa. Mkulima wa Ulaya aliyekimbilia ndani ya kuta za mji alitazamia kupata uhuru. Mkulima wa Usukuma aliyeitwa bomani aliitwa kulipa kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1897, au kupewa kazi, au kuhukumiwa. Boma halikumfanya kuwa "Bürger".

Neno moja, tafsiri tatu

Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na neno "bürgerlich" hana budi kuchagua, maana Kiswahili kimezigawa maana zake katika maneno mbalimbali, na kila neno lina historia yake.

La kwanza ni raia, na kivumishi chake cha kiraia. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ni kundi la mifugo linalochungwa. Kwa hiyo lilimaanisha watu walio chini ya ulinzi wa mtawala. Katika Kiswahili cha leo raia ni mtu wa taifa fulani mwenye haki na wajibu, au mtu asiye askari, kama tusemapo mavazi ya kiraia. Kando yake lipo neno mwananchi, ambalo halina kabisa habari ya mchungaji na kundi lake: ni mwana wa nchi.

La pili ni ubepari. Bepari, neno lenye asili ya Kihindi, alikuwa mfanyabiashara tu kabla ya siasa kulipa uzito mwingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 maneno ubepari na ukabaila yalienea hadi vijijini. Waandishi wa siasa walihitaji pia jina la tabaka la wenye mali, nao wakalitumia neno mabwanyenye, kinyume chake wakiwa makabwela.

La tatu ni madai, kutokana na kitenzi kudai. Hapa hatuzungumzii tabaka wala uraia, bali mtu anayedai na mtu anayedaiwa.

Ugumu wa kuchagua huonekana hasa katika vitabu vya falsafa. Mwanafalsafa Hegel, katika kitabu chake juu ya falsafa ya haki kilichochapishwa mwaka 1820, alitumia neno "bürgerlich" kwa uwanja ulio kati ya familia na dola, ambamo watu hufanya kazi, huuziana, hufunga mikataba na huunda vyama. Karl Marx aliyachukua maneno yaleyale, akaonyesha kwamba katika uwanja huo wenye mali ndio wanaotawala. Anayemfasiri Hegel huandika "jamii ya kiraia". Anayemfasiri Marx huandika "jamii ya kibepari". Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba mabishano yote hayo yalihusu neno moja.

Yafaa iongezwe kwamba neno hili lina pia matumizi ya kawaida yasiyo na ubishi. Mikahawa ya Ujerumani inayoandika mlangoni kwamba chakula chake ni "bürgerlich" haikusudii siasa yoyote. Inamwambia mpita njia kwamba atapata nyama, viazi na kabichi kwa sahani iliyojaa, kama kinavyopikwa nyumbani.

Kitabu cha sheria cha mwaka 1900

Hadi mwisho wa karne ya 19 Ujerumani haikuwa na sheria moja ya madai. Mfanyabiashara aliyesafiri kutoka jimbo moja hadi jingine alikuta kanuni tofauti za mkopo, ndoa na urithi. Baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20, bunge lilipitisha mwaka 1896 kitabu kimoja cha sheria kiitwacho "Bürgerliches Gesetzbuch". Kilianza kutumika tarehe 1 Januari 1900, kikiwa na vifungu 2,385, nacho kingali kinatumika hadi leo, ingawa kimerekebishwa mara nyingi.

Kitabu hicho kina sehemu tano. Ya kwanza ni kanuni za jumla; ya pili inahusu mikataba, madeni na fidia ya madhara; ya tatu inahusu mali na umiliki; ya nne familia; ya tano urithi. Ukiiangalia orodha hiyo utaona kwamba mambo matatu yaliyotajwa mwanzoni mwa makala hii yote yamo: mkopo wa mtama, nyumba ya mjane, shamba lililoharibiwa.

Kifungu cha kwanza kabisa kinaeleza kwamba uwezo wa mtu wa kuwa na haki huanza mara anapokwisha kuzaliwa. Hakisemi mtu gani, wa ukoo gani wala wa dini gani. Mtoto wa kibarua na mtoto wa waziri, wakiisha kuzaliwa tu, wanaweza kumiliki, kurithi na kudai. Ilikuwa hatua kubwa kutoka katika haki ya kununuliwa ya miji ya zamani. Lakini uwezo wa kumiliki si sawa na kumiliki. Wapinzani wa kitabu hicho walisema tangu mwanzo kwamba kilimjali mwenye kitu kuliko asiye nacho.

Mpaka uliowekwa katika koloni

Kifungu hicho cha kwanza hakikufika Usukuma. Mwaka uleule wa 1900 Ujerumani ilitunga upya sheria ya kutawala makoloni yake. Kwa sheria hiyo Wazungu waliokaa katika makoloni walifuata sheria ya madai ya Ujerumani, na kesi zao zilipelekwa mbele ya majaji. Wale walioitwa "wenyeji" waliwekwa nje, isipokuwa pale ambapo Kaisari angeamuru vinginevyo. Amri ya Kaisari ya Novemba 1900 iliwaunganisha na wenyeji watu wote wa mataifa mengine waliohesabiwa kuwa si weupe, ikaongeza kwamba Wajapani wasihesabiwe miongoni mwao. Maelezo hayo mafupi juu ya Wajapani yanatosha kuonyesha kwamba mpaka huo haukutokana na elimu yoyote ya maumbile ya binadamu. Ulikuwa mpaka wa siasa. Japani ilikuwa dola lenye nguvu na mikataba.

Matokeo yake yalionekana katika mambo ya kila siku. Mfano wa kwanza ni ardhi. Amri ya Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola la Ujerumani. Iliacha nafasi kwa watu binafsi, watawala wa jadi na jumuiya za wenyeji kuonyesha haki zao. Lakini mkulima anayelipumzisha shamba lake kwa miaka kadhaa, au mfugaji anayeyaacha malisho yaote wakati wa masika, angethibitishaje mbele ya ofisa wa boma kwamba ardhi inayoonekana tupu ina mwenyewe?

Mfano wa pili ni mkataba wa kazi. Mjerumani aliyeacha kazi kabla ya wakati aliweza kudaiwa hasara mahakamani. Lilikuwa jambo la madai. Lakini amri ya Aprili 1896 juu ya adhabu kwa wenyeji ilimruhusu ofisa, kwa ombi la mwajiri, kumwadhibu mfanyakazi Mwafrika kwa uvivu, ukaidi au kuacha kazi bila sababu iliyokubaliwa. Adhabu zenyewe zilikuwa kiboko, au minyororo hadi siku 14. Tendo lilikuwa moja. Kwa mtu mmoja lilileta deni, kwa mwingine lilileta maumivu ya mwili.

Kesi za wenyeji kwa wenyeji zilisikilizwa na watemi na wanangwa, au na ofisa wa wilaya, ambaye alikuwa pia mkusanya kodi na mkuu wa polisi. Kesi hizo Wajerumani waliziita kwa neno la Kiswahili, shauri, wakaliandika kwa tahajia yao "Schauri". Hivyo Kijerumani cha koloni kilikuwa na maneno mawili kwa jambo lile lile: "bürgerlich" kwa Wazungu, na "Schauri" kwa Waafrika.

Haimaanishi kwamba Wasukuma hawakuwa na sheria ya madai. Walikuwa nayo, tena pana. Mahari ya ng'ombe, ng'ombe waliokabidhiwa kwa rafiki awatunze, fidia ya mazao yaliyoliwa, mipaka ya mashamba, yote yalikuwa na kanuni na wazee wa kuziamua. Mfano mzuri ni ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike wakati wa kiangazi. Ngitili huweza kuwa ya kaya moja au ya kijiji kizima, na haki juu yake hubadilika kulingana na majira. Mwenye kitabu cha mwaka 1900, ambacho humpa mmiliki uwezo wa kukifanyia kitu chake apendavyo mradi asivunje sheria wala haki za wengine, angetatizika kusema ngitili ni mali ya nani mwezi wa Februari na mali ya nani mwezi wa Septemba. Kilichokosekana Usukuma, basi, hakikuwa kanuni. Kilichokosekana ni mtu wa Usukuma kutambuliwa kuwa mdai mbele ya yeyote, awe Mwafrika, Mzungu au dola.

Wakati wa Waingereza

Utawala wa Waingereza ulibadilisha lugha ya sheria, lakini mpaka ule ulibaki kwa sura nyingine. Sheria za Kiingereza ziliingizwa nchini mwaka 1920, na katika mashauri ya Waafrika mahakama zilielekezwa kuzingatia mila zao. Sheria ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi iliendelea kuhesabu baadhi ya makosa ya mkataba wa kazi kuwa jinai. Sheria ya ardhi ya mwaka huohuo ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Ilipofika mwaka 1928 ndipo haki ya wenyeji kwa kufuata mila ilipoandikwa humo waziwazi. Mwaka 1929 mahakama za wenyeji ziliondolewa katika usimamizi wa Mahakama Kuu, rufani zikapelekwa kwa maofisa wa utawala, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo.

Katika kipindi hicho alitokea mtu aliyeunganisha pande mbili za historia hii. Hans Cory, aliyezaliwa Vienna kwa jina la Hans Koritschoner, alikuja Tanganyika na hatimaye akawa mtaalamu wa serikali wa elimu ya jamii. Alikusanya mila za Wahaya, kisha za Wasukuma. Kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma kilichapishwa mwaka 1953. Kazi hiyo ina faida kubwa kwa wachunguzi. Lakini mila iliyoandikwa si mila ileile iliyokuwa midomoni mwa wazee. Mzee huweza kuipima kanuni kwa kuangalia hali ya mjane aliye mbele yake, ukurasa hauwezi.

Mjane na kanuni za mwaka 1963

Baada ya Uhuru Serikali ilivunja mgawanyiko wa mahakama. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa, na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka huohuo ikaweka ngazi moja ya mahakama kwa watu wote, kutoka mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu. Pia mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zilipatanishwa na kutangazwa kuwa kanuni zilizoandikwa, kazi ambayo Cory alishiriki kuianzisha kabla ya kufariki mwaka 1962. Ilikuwa nia njema ya kujenga taifa. Hata hivyo, kanuni za urithi zilihifadhi ndani yake jambo zito: mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Wakati huohuo sheria nyingine zilikwenda mbele. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa, hivyo zihesabiwe wakati wa kugawana mali baada ya talaka. Likatokea jambo la ajabu: mwanamke aliyeachwa aliweza kudai jasho lake, lakini yule aliyekaa na mumewe hadi kifo aliweza kuondoka mikono mitupu.

Mkoa wa Shinyanga ulilileta jambo hili mbele ya dunia. Wajane wawili, ambao mali ya waume zao ilichukuliwa na ndugu wa marehemu na wao wenyewe wakaondolewa majumbani, waliziomba mahakama zitamke kwamba kanuni za mwaka 1963 zinakiuka Katiba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ilisita kuzifuta, ikiona kuwa mila haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliiondoa rufani yao kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka Tanzania izirekebishe sheria hizo.

Asije mtu akadhani kwamba hili ni tatizo la mila za Kiafrika pekee. Kitabu cha Wajerumani cha mwaka 1900, pamoja na kifungu chake cha kwanza kizuri, kilimpa mume neno la mwisho katika mambo ya ndoa, na usimamizi wa mali ya mkewe. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya usawa wa mume na mke mwaka 1957, na hadi mwaka 1977 sheria iliendelea kumhesabu mke kuwa mwenye wajibu wa kazi za nyumbani. Mji, kitabu na mila, kila kimoja kwa namna yake, vilianza kwa kumhesabu mwanamume mwenye mali kuwa ndiye mtu.

Ardhi ya juu na madini ya chini

Mtu anayelima Songwa anaishi juu ya nchi yenye almasi. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na tangu hapo swali limekuwa: mwenye shamba ni mwenye kilicho chini yake?

Jibu la sheria ni hapana, nalo si la Tanzania peke yake. Hata kitabu cha Wajerumani, kinachosema umiliki wa kiwanja unaenea hewani na ardhini, hakikugusa sheria za madini, ambazo tangu zamani zilitenga dhahabu, fedha na madini mengine na haki ya mwenye ardhi. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 inasema madini ni mali ya Jamhuri. Lakini mwenye leseni ya kuchimba hapati kwa leseni hiyo haki ya kuharibu kilicho juu bila malipo. Nyumba, mazao na haki ya kutumia ardhi vinabaki kuwa vitu vinavyoweza kudaiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeongeza nguvu hapa, kwa kutamka kwamba haki ya ardhi kwa kufuata mila ina hadhi sawa kwa kila hali na hati iliyotolewa na Serikali. Sheria hiyohiyo imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kupata au kumiliki ardhi.

Matukio mawili ya Mwadui yanaonyesha maana ya haki hiyo. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji jirani. Watu hawakufa, lakini chakula na makazi viliharibika, na kila kaya ikawa na jambo la kudai. Tukio la pili lilitangulia. Wakazi wa maeneo yanayouzunguka mgodi walifungua madai jijini London juu ya vifo, majeraha na mateso waliyodai kutendewa na walinzi wa mgodi na polisi. Mdaiwa alikuwa Petra Diamonds, kampuni iliyomiliki wakati huo hisa nyingi za mgodi. Mei 2021 yalifikiwa mapatano na wadai 71 kwa pauni milioni 4.3, gharama za mawakili zikiwamo, bila kampuni kukiri kuwajibika kisheria. Mwaka 1896 mtu wa Usukuma aliyegombana na mwajiri wa Kizungu alitazamia kiboko; miaka 125 baadaye jina lake limesomwa katika orodha ya wadai.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba neno "bürgerlich" halina tafsiri moja, na wala haifai kulilazimishia moja. Linapohusu haki za mtu katika nchi yake, ni kiraia. Linapohusu tabaka, ni la mabwanyenye au la kibepari. Linapohusu sheria kati ya mtu na mtu, ni madai. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo uchaguzi wa maneno haya si kazi ya wafasiri wa falsafa tu. Mwananchi anayesoma hati ya mahakama apaswa kuona mara moja kama yeye ni mdaiwa, anayetakiwa kulipa, au mshtakiwa, anayeweza kufungwa. Lugha inayoyaita mashauri yote kwa jina moja "kesi" humtisha bure mwenye deni, na humvunja moyo mwenye haki.

Kwa mkazi wa Songwa njia imekwisha kuwekwa. Mgogoro wa ardhi huanzia katika baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huweza kufika katika baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na kutoka hapo katika Mahakama Kuu. Deni la kawaida na mirathi ya kimila hupelekwa katika mahakama ya mwanzo. Katika mambo ya madai hakuna ofisa atakayemfungulia mtu shauri lake. Mwenyewe ndiye aanzaye, akiwa na mashahidi wake na maandishi yake, kama anayo. Naye hatakiwi kuthibitisha pasipo kuacha shaka, kama ilivyo katika jinai. Yatosha aonyeshe kwamba maneno yake yana uzito kuliko ya mwenziwe.

Katika miji ya kale ya Ujerumani, mtu alihesabiwa kuwa mtu kwa sababu ana nyumba ndani ya kuta. Katika koloni, alihesabiwa kwa rangi yake. Katika kanuni za mwaka 1963, mjane alihesabiwa kwa ukoo wa mumewe. Kifungu kile cha kwanza cha mwaka 1900 kilisema jambo ambalo waandishi wake wenyewe hawakulitimiza, kwamba kuzaliwa kwatosha. Maadamu kanuni za urithi za mwaka 1963 hazijabadilishwa, mjane wa Shinyanga bado hajakifikia kifungu hicho.